Babu anasema kazi ilikuwepo kila asubuhi, kitabu kinasema mji ulijaa wasio na kazi: yupi mkweli?

Swali: Shikamoo mwalimu. Marehemu babu yangu alihamia Dar es Salaam kutoka Rufiji mwaka 1946. Alianza kwa ukuli bandarini, baadaye akawa kibarua wa mafundi waashi. Alikuwa akisisitiza kwamba enzi zao kijana aliyekosa kazi alikuwa mvivu tu, kwa sababu kazi ilikuwepo kila asubuhi. Chuoni nako tunafundishwa kwamba miaka hiyohiyo serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwasaka watu wasio na kazi mjini na kuwarudisha makwao kwa nguvu. Naona wote hawawezi kuwa wakweli. Ukosefu wa kazi mijini ulikuwaje hasa kati ya miaka ya 1940 na 1960? Na je, ulikuwa wa aina moja bandarini, kwenye reli, ujenzi, viwandani na kazi za nyumbani? (Msomaji, Temeke)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Babu yako hakukudanganya, na kitabu chako nacho hakikukosea. Babu alihesabu siku: akiamka na kwenda getini, leo asipopata, kesho au keshokutwa atapata. Serikali ilihesabu watu: huyu ana tajiri (yaani mwajiri) anayejulikana, huyu hana. Mtu mmoja aliweza kuwa na kazi kwa hesabu ya kwanza na kuwa hana kwa hesabu ya pili, wiki hiyohiyo. Ukishaliona hilo, utaona pia kwa nini swali lako la pili ndilo zito zaidi. Kila kazi ilikuwa na namna yake ya kuajiri, na namna ya kuajiri ndiyo iliyoamua nani anakosa, kwa muda gani, na anaumia kiasi gani.

Tuanze bandarini, kwa sababu huko ndiko mambo yanakoonekana wazi kuliko kwingine.

Kabla ya gati za kina kirefu kufunguliwa Dar es Salaam mwaka 1956, meli kubwa zilitia nanga katikati ya bandari, mizigo ikashushwa kwenye matishari, na matishari yakavutwa hadi ufukweni. Kwa hiyo mzigo mmoja ulibebwa mara mbili: kuna waliokuwa ndani ya meli wakipanga na kufunga, na kuna waliokuwa nchi kavu wakipokea. Yote kwa mikono na mabega. Marobota ya katani, magunia ya kahawa, mbegu za mafuta na pamba vilikuwa vinatoka. Saruji, mabati, nguo na mashine vilikuwa vinaingia. Meli nazo hazikuja kwa mpangilio. Wiki hii zingeweza kufika tano kwa mpigo, wiki inayofuata bandari ikalala.

Sasa jiweke mahali pa kampuni ya kupakua. Ukiajiri watu wa kutosha kwa siku ya meli tano, utawalipa bure siku ambazo meli hazipo. Dawa ya kampuni ilikuwa kutoajiri mtu yeyote moja kwa moja, ila kuhakikisha kwamba kila asubuhi kuna umati getini mkubwa kuliko mahitaji. Serangi, msimamizi wa vibarua, anatoka, anatazama nyuso, anachagua. Huyu ana mabega, yule alifanya kazi vizuri juzi, huyu ni mtu wa kwetu, na yule amejua kusema naye pembeni. Waliochaguliwa wanaingia, wanalipwa jioni. Waliobaki wanatawanyika kutafuta kingine.

Utaratibu huo ulihitaji watu wasio na kazi. Watu hao walisimama pale kwa sababu bila wao kampuni ingekwama siku meli zikifika kwa wingi. Lakini kwa kuwa hawakuwa watu walewale kila siku, shida yenyewe iligawanyika. Leo wewe, kesho mimi. Vibarua elfu wanaogombea kazi ya watu mia sita wangeweza wote kupata siku kama kumi na tano kwa mwezi, na kila mmoja wao akasema kwa ukweli kabisa kwamba kazi ipo. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyasema babu yako.

Na kuna sababu nyingine ya yeye kusema kwa majivuno. Malipo ya siku ya kuli yalikuwa mazuri ukilinganisha na mshahara wa kibarua wa mwezi wa manispaa au wa shambani. Mtu aliyefanya nusu ya mwezi bandarini hakuwa nyuma sana ya mwenzake aliyefyeka majani ya barabarani mwezi mzima, na siku zake zilizobaki zilikuwa zake. Mrufiji aliweza kurudi kulima mpunga msimu ukifika. Mzaramo alikuwa na minazi yake mwendo wa nusu siku. Mombasa, vibarua wengi wa Kilindini walikuwa na shamba ng'ambo ya kivuko au kwingine upande wa bara. Watu hawa hawakuwa wakisubiri kuajiriwa na kampuni. Walikuwa wakiitumia bandari kama ilivyokuwa ikiwatumia wao, na ndiyo maana maofisa wa Mombasa waliwachukia sana. Ofisa anataka mtu anayeogopa kufukuzwa, na kibarua wa siku hafukuziki.

Ila tusipambe. Mfumo huo ulimfaa mwenye shamba na mwenye jamaa mjini. Aliyetoka mbali, akapanga chumba kwa fedha na hana hata mti mmoja wa mnazi, kwake siku kumi na tano zilikuwa njaa ya kila mwezi. Vita Kuu ya Pili ilipandisha bei za nguo na chakula kuliko malipo. Ndiyo sababu ya ile migomo unayoisoma chuoni: makuli wa Dar es Salaam waligoma 1939, wakagoma tena 1943, na mwaka 1947 mgomo wao ukatoka bandarini ukafuata reli ya kati hadi miji ya bara. Mombasa, Januari 1947, watu wapatao 15,000 waliacha kazi kwa siku kumi na mbili, na humo walikuwemo makuli, watu wa reli, wahudumu wa hoteli na watumishi wa nyumbani. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka huohuo akapelekwa kizuizini Baringo, mbali na bahari na mbali na wafanyakazi wake.

Naomba uiangalie kwa makini hiyo orodha ya waliogoma Mombasa. Watu wa kazi tofauti waligoma pamoja kwa sababu mara nyingi walikuwa watu walewale. Aliyekuwa kuli mwezi wa kwanza alikuwa msukuma mkokoteni mwezi wa pili na mbeba zege mwezi wa tatu. Tunapogawa "sekta" leo kwenye majedwali yetu, tunachora mistari ambayo mtu wa Majengo au Kariakoo wa mwaka 1947 asingeitambua.

Unguja ilikuwa na hali yake. Mjini palikuwa na vibarua wa bandari na wachukuzi waliokuwa wakifuata msimu wa karafuu. Mwaka wa mavuno makubwa mji ulipungukiwa na watu, wote wako mashamba au Pemba wakichuma. Mwaka karafuu ikikataa, walirundikana Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe. Mgomo mkuu wa 1948 nao ulianza kwa vibarua wa bandari.

Reli ilikuwa ulimwengu mwingine kabisa. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliundwa 1948 kwa kuunganisha reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika. Treni haiwezi kuendeshwa na mtu aliyeokotwa getini asubuhi. Fayamani (mchochea moto wa treni), pointimani (mgeuza njia za reli), fundi wa karakana na msimamizi wa njia lazima wawe wamefundishwa na wawepo kesho, kwa hiyo reli iliajiri kwa mwezi, ikatoa nyumba na likizo. Nairobi palikuwa na Muthurwa na Makongeni, nyumba za watu wa reli, chumba kimoja kwa familia nzima lakini chumba cha uhakika. Kukosa kazi kwa mtu wa reli lilikuwa jambo la nadra. Likitokea, liliangusha kila kitu kwa siku moja: unga umemwagika, na nyumba nayo imeondoka, kwa sababu nyumba ilikuwa ya kazi. Kibarua wa bandari aliyekosa leo alirudi kwenye chumba chake Ilala. Mtu wa reli aliyefukuzwa hakuwa na pa kurudi hapo mjini. Ndiyo maana migomo ya reli ilipangwa kwa uangalifu mkubwa, na ilipoanza haikuwa ya mchezo. Ule wa Tanganyika wa mwaka 1960 ulidumu siku 82.

Ujenzi, alikohamia babu yako baadaye, ndiko kazi ilikopanda na kushuka kwa kishindo kuliko kote. Baada ya vita fedha nyingi zilimwagwa Afrika Mashariki kwa mara moja. Mpango wa karanga wa Kongwa na Nachingwea, ulioanza 1947, ulivuta maelfu ya watu, ukaanzisha ujenzi wa bandari ya Mtwara na reli yake, kisha mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikauacha baada ya hasara kubwa. Watu waliokuwa wamezoea mshahara wa kila mwezi wakajikuta porini, na wengi hawakurudi kijijini. Walifuata barabara hadi mjini. Jinja, bwawa la Owen Falls lilifunguliwa rasmi 1954, na waliolijenga hawakuwa na bwawa jingine la kwenda kujenga. Gati za Dar es Salaam zilikamilika 1956. Kila mradi ukiisha, mji ulipokea watu wenye ujuzi nusunusu, waliojua zege, mbao au nondo na wasio na saiti.

Hapo pana jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Katika ujenzi kilichoajiri ni mkataba wa kazi ile moja. Kontrakta alichukua fundi mwashi, fundi naye alikuja na vibarua wake, na kazi ikikwisha wote waliagana. Masika ikiingia kazi ya nje ilisimama. Kwa hiyo fundi seremala hodari kabisa angeweza kukaa miezi miwili bila shilingi, akafanya kazi minne mfululizo, akakaa tena. Je, huyo ana kazi au hana? Ofisi ya kazi ya serikali haikuwa na safu ya kumwandika. Kila mwaka serikali za Tanganyika na Kenya zilihesabu watu walioajiriwa siku fulani. Wasioajiriwa hazikuwahesabu kwa utaratibu kama huo. Tunajua walikuwepo kwa kuona walioajiriwa walivyopungua.

Na walipungua sana Kenya baada ya mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, wa mwaka 1960, walowezi na wenye mitaji walipoona uhuru unakuja. Majengo mapya ya watu binafsi Nairobi yakakaribia kukoma, walowezi wakaanza kuuza mashamba na kuhamisha fedha. Walioajiriwa nchini Kenya walikuwa kama 620,000 mwaka 1960; kufikia 1963 walikuwa kama 535,000. Uhuru ulipokelewa Desemba 1963 na maelfu ya vijana waliokuwa wamepoteza kazi katika miaka mitatu hiyo, na mwalimu wa historia asiyetaja hilo anawaacha wanafunzi wake wakidhani malalamiko ya 1964 yalizuka hewani.

Kazi za nyumbani hazisemwi sana, ila katika miji yetu zilikuwa kati ya waajiri wakubwa wa wanaume: wapishi, maboi, madobi, watunza bustani, walinzi. Riziki ya mtu huyu ilikaa kwenye karatasi, barua ya sifa aliyoandikiwa na bwana au memsahibu aliyemaliza muda wake na kurudi Ulaya. Akinyimwa barua, au ikiandikwa kwa maneno ambayo yeye hawezi kuyasoma, alibisha milango mwezi mzima bila kujua kwa nini anakataliwa. Wazungu walipoanza kuondoka, kundi hili ndilo lililoumia bila kelele. Watumishi wametawanyika, kila mmoja kwenye uga wake wa nyuma, na ni vigumu kugoma ukiwa peke yako.

Viwanda vilikuwa vichache. Bia, sigara, sabuni, viatu vya Bata kule Limuru, nyama za makopo, vinu vya kuchambua pamba na vya kukoboa kahawa. Vile vya kusindika mazao viliajiri kwa msimu. Vile vingine viliajiri watu wachache na kuwashikilia, na aliyepata nafasi humo hakuiachia.

Wanawake hawamo karibu popote katika hesabu hizi. Mwanamke aliyekuwa akiuza vitumbua alfajiri karibu na geti la bandari, akipangisha chumba au kupika pombe Pumwani kule Nairobi, hakuhesabiwa kuwa na kazi wala kuwa hana. Lakini makuli waliokosa jina asubuhi walikula kwa mkopo wake. Mfumo mzima wa vibarua ulibebwa na mikopo ya namna hiyo, na nikisoma taarifa za kampuni zinazosifia "vibarua wa bei nafuu" huwa najiuliza ni nani aliyekuwa akilipa ile nafuu.

Sasa turudi kwenye misako uliyoisoma.

Miji ilikua haraka kuliko serikali ilivyotaka. Dar es Salaam ilikuwa na watu kama 69,000 mwaka 1948 na karibu 129,000 mwaka 1957. Nairobi ilitoka kama 119,000 mwaka 1948 hadi kama 267,000 mwaka 1962, Mombasa kutoka kama 85,000 hadi kama 180,000. Serikali iliona vijana wamekaa barazani saa nne asubuhi ikahitimisha kwamba ni wahuni. Dar es Salaam askari walifanya msako wa kodi, wakataka risiti. Asiyekuwa nayo wala barua ya tajiri alisombwa na kurudishwa wilayani kwake. Kenya ilikuwa na kipande, kitambulisho cha lazima cha wanaume Waafrika, tangu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ilipokiondoa mwishoni mwa miaka ya 1940, ikaja na sheria ya 1949 iliyowalenga waliodaiwa kukataa kazi kwa hiari yao. Kwa sheria hiyo mtu aliweza kukamatwa mjini na kulazimishwa ajira.

Fikiria kuli wetu katika hali hiyo. Amefanya kazi Jumatatu, Jumanne na Alhamisi. Ijumaa hakuchaguliwa, yuko barazani. Askari wanamkuta. Tajiri wako nani? Hana tajiri, ana serangi, na serangi haandiki barua. Anapakiwa. Bandari hiyohiyo iliyomhitaji asimame bila kazi Ijumaa ndiyo iliyomfanya mhalifu Ijumaa hiyo. Nalisema bila kusita: huo ulikuwa uonevu, na kumwita mtu huyo mvivu ni kumwonea mara ya pili. Wala misako haikuzaa matunda yaliyotarajiwa. Aliyepelekwa Kisarawe au Rufiji alirudi kwa miguu, kwa sababu kilichomleta mjini hakikuwa kimebadilika.

Nairobi mambo yalikuwa makali zaidi kwa sababu ya Mau Mau. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliuzingira mji katika Operesheni Anvil, na zaidi ya watu 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa kizuizini. Nafasi zao za kazi zikachukuliwa na Wakamba, Wajaluo na Waluhya. Walipoanza kutoka kambini miaka ya mwisho ya 1950 walikuta milango imefungwa, na wengi wao ndio waliozidisha idadi ya wasio na kazi Nairobi kuelekea uhuru. Ukosefu ule haukusababishwa na soko. Ulisababishwa na serikali.

Nafika sasa mahali ambapo naona jibu la swali lako limelala hasa. Katikati ya miaka ya 1950 hali ya kugawana uhaba ilivunjwa, na walioivunja walikuwa na sababu nzuri.

Baada ya migomo, wakubwa waliona kwamba umati wa vibarua ni hatari. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika nchini Kenya, ilikiri kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni binafsi walilipwa chini ya mahitaji ya msingi hata ya mtu mmoja, sembuse mwenye mke na watoto. Ikapendekeza mshahara uwe wa kulea familia, ili mfanyakazi akae mjini na mkewe, azoee kazi moja, asiwe na mguu mmoja kijijini. Bandarini Mombasa vibarua walikuwa wameanza kusajiliwa tangu 1944. Katika miaka ya 1950 aliyeshindwa kutimiza siku zilizotakiwa kila mwezi alifutwa kwenye orodha. Dar es Salaam mvutano juu ya utaratibu mpya wa kuwasajili na kuwaita vibarua ulizaa mgomo na ghasia Februari 1950, na chama cha makuli kikavunjwa. Lakini utaratibu wenyewe uliendelea. Vyama vya wafanyakazi navyo vilidai malipo bora na kazi ya kudumu, na vilipata: Machi 1955 makuli wa Mombasa waligoma, Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akawa msuluhishi, wakaongezewa theluthi moja ya malipo.

Aliyebaki kwenye orodha alipanda. Shifti za uhakika, mshahara wa kueleweka, baadaye pensheni. Aliyefutwa hakuwa tena na siku kumi na tano wala tano. Kazi ya siku nusunusu kwa watu elfu ikawa kazi kamili kwa watu mia tano, na mia tano wengine wakabaki na sifuri. Hapo ndipo ukosefu wa kazi kama tunavyoujua leo ulipozaliwa kwenye bandari zetu: mtu anayekosa mwaka mzima, si mtu anayekosa Ijumaa. Nasisitiza kwamba wafanyakazi walikuwa na haki ya kudai walichodai. Hakuna mtu aliyepaswa kuishi kwa kutazamwa mabega kila asubuhi. Kilichokosekana ni mtu wa kuwafikiria waliobaki nje ya geti.

Tanganyika ilipitia hilohilo kwa kiwango cha taifa. Dar es Salaam iliwekewa kima cha chini cha mshahara 1957. Baada ya uhuru, bodi iliyoongozwa na Donald Chesworth mwaka 1962 ilipendekeza kima kipya, na kuanzia 1963 mfanyakazi wa Dar es Salaam hakupaswa kulipwa chini ya shilingi 150 kwa mwezi. Kwa aliyekuwa kazini ilikuwa neema ambayo babu zetu hawakuiota. Waajiri, hasa wenye mashamba ya katani, wakapunguza watu. Nchini kote walioajiriwa walishuka kutoka takriban 400,000 mwanzoni mwa muongo ule hadi kama 340,000 mwaka 1963. Wakati huo wimbo wa taifa jipya ulikuwa "Uhuru na Kazi", na vijana wa darasa la nane walikuwa wakishuka stesheni na vyeti vyao wakiuliza hiyo kazi iko wapi.

Kenya ilijaribu dawa ya moja kwa moja. Februari 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana: serikali iongeze wafanyakazi kwa asilimia 15, waajiri binafsi asilimia 10, na vyama visidai nyongeza wala kugoma kwa mwaka mmoja. Zaidi ya watu 200,000 walijiandikisha. Waliopata kazi walikuwa kama 34,000. Tangazo lenyewe liliwatoa vijijini watu ambao hawakuwa wakitafuta kazi mjini kabla ya hapo, na muda si mrefu foleni ilikuwa ndefu kuliko mwanzo. Wachumi wawili waliofanya kazi Nairobi, John Harris na Michael Todaro, walijenga hoja yao maarufu ya mwaka 1970 juu ya jambo la namna hiyo: mtu hahamii mjini kwa kuwa ana hakika ya kazi, anahama kwa kupima ukubwa wa mshahara na uwezekano wa kuupata. Mshahara ukiwa mkubwa vya kutosha, atavumilia kusota muda mrefu. Nakubaliana nao kwa sehemu. Hesabu yao inamweleza kijana wa 1964 vizuri, lakini haimwelezi babu yako wa 1946, aliyekuja mjini akijua atapata siku zake na shamba lake lipo.

Umeuliza pia kwa kunizunguka kama babu alikuwa mkali bure kwa vijana. Naona alizungumza kwa uzoefu wa kati ya 1946 na katikati ya miaka ya 1950, alipokuwa kijana mwenye nguvu, mwenye jamaa mjini, na mfumo bado unagawa siku. Kama aliondoka bandarini kwenda kwa waashi kati ya 1950 na 1956, huenda hakuondoka kwa kupenda. Miaka hiyo ndiyo orodha zilipokuwa zikipunguzwa, na wazee wengi hawakupenda kusema kwamba walifutwa. Waulize wazee wa ukoo mambo matatu. Je, aliwahi kuwa na kadi au namba ya bandari? Je, alikuwa akirudi Rufiji kila mwaka wakati wa mpunga? Je, alihama kazi kabla au baada ya gati mpya? Kisha nenda Nyaraka za Taifa pale Upanga ukaombe mafaili ya Idara ya Kazi ya miaka ya 1940 na 1950. Huenda usimkute kwa jina, kwa sababu vibarua mara nyingi waliandikwa kwa idadi. Ila taarifa za kila mwaka zitakuonyesha walioajiriwa walikuwa wangapi na walilipwa nini, na hapo utaweza kuoanisha miaka yake na miaka ya bandari.